Pampu Imesimama

Jumatatu, 1 Septemba

Nimefungua duka saa mbili kasoro. Vumbi kama kawaida. Nimepangusa taa za sola, nimepanga chaja, nimepangusa friza mara mbili. Friza hii naipangusa kupita kiasi. Wateja wanadhani naipenda.

Akiru amepita saa nne, amenunua maji baridi, akauliza swali lake la kila wiki. Kuna zabuni imetoka? Nikamwambia bado. Sijui huo ni uongo wa ngapi. Niliacha kuhesabu.

Wacha niandike hapa, maana hakuna mahali pengine. Mimi na Akiru tulisomea ufundi wa sola darasa moja. Tukasajili kampuni ya wanawake wawili, nusu yake, nusu yangu. Mborana na Mturkana. Tulicheka sana siku ile, kwa jinsi karani alivyotutazama mara mbili. Akiru ndiye fundi hasa. Mimi ngazi naiogopa. Mimi ni wa karatasi.

Basi karatasi ndizo zilizoniponza. Ulipokuja mradi wa serikali wa kubadilisha pampu za dizeli ziwe za sola, fungu moja la kazi lilitengewa kampuni za akina mama. Akaja dukani mtu mmoja, kila mtu humwita Injinia. Ana lori, ana mafundi, ana kila kitu isipokuwa kuwa mwanamke. Alisema, "Mama, wewe nipe jina tu. Kazi niachie." Nikampa. Akiru sikumwambia. Wiki iliyofuata friza ikashushwa mlangoni, ina utepe mwekundu kama bibi harusi.

Na kisima chenyewe ni cha Sericho. Kwetu. Nilijiambia nafanya kwa ajili ya kwetu. Mwongo mimi.

Jumatano, 3 Septemba

Siku njema. Naiandika haraka kabla haijaharibika.

Ujumbe umeingia kutoka simu ya Adada, shangazi yangu Talaso, dada ya marehemu baba. Ndiye aliyenilea. Hasomi wala haandiki. Mwenye duka la pale Sericho humwandikia, kwa Kiswahili, kwa sababu Kiborana sisi sote tunakiongea tu. "Salaam aleikum Tume. Pampu imesimama. Njoo uone. Adada."

Imesimama! Nimeruka nyuma ya kaunta, mtu mzima mimi. Nilijua mafundi wa Injinia wako huko, sikujua wamefika wapi. Nimemwonyesha jirani yangu muuza viatu. Akanitania jina kama kawaida yake. "Tume ya uchunguzi imekuwa tume ya maji!" Miaka yote hii mjini Isiolo na bado hawajachoka na mzaha huo. Leo nimecheka. Nimempa soda ya bure.

Kwa saa kadhaa sikuona aibu yoyote. Niliona nimefanya jambo.

Alhamisi, 4 Septemba

Injinia amekuja na karatasi ya kukamilika kwa kazi. Pampu moja. Paneli. Matangi mawili, moja la mifugo, moja la watu. Picha zimebandikwa nyuma. Ofisi ya mradi haifiki Sericho mara kwa mara, njia ni ndefu. Wanategemea picha na sahihi ya mwenye kampuni.

Nikamwonyesha ujumbe wa Adada. Akausoma. Akausoma tena. Halafu akatabasamu, akasema watu wangu wenyewe wameshasema imesimama, nataka ushahidi gani tena.

Nikatia sahihi juu ya mfuniko wa friza. Karatasi ililowa pembeni.

Kule kuusoma mara mbili sikukupenda. Lakini nilitia.

Ijumaa, 5 Septemba

Simu ya Adada imelia mara moja ikakatika. Anataka nipige. Sikupiga. Duka lilikuwa na watu, nikajiambia. Walikuwa wawili.

Baada ya swala ya Ijumaa dereva wa lori la mbuzi amesimama kununua maji. Amesema, "Wamama wa kwenu Sericho wiki iliyopita walikuwa wanashinda kwa kisima, asubuhi mpaka jioni." Nikamwuliza bei ya mbuzi.

Jumapili, 7 Septemba

Ujumbe mwingine. "Tume bado hujakuja. Pampu imesimama siku ya tano leo. Punda wamechoka na safari ya mtoni."

Nimeusoma mara tatu. Nikaketi juu ya kreti.

Kitu kilichojengwa hakihesabiwi siku. Nyumba haisimami siku ya tano. Gari ndilo husimama. Saa ndiyo husimama. Neno moja lina maana mbili na mimi nikashika ile iliyonipendeza. Kama angeandika imekataa, ningejua pale pale.

Lakini nisimsingizie mwenye duka. Aliandika pia "Njoo uone". Mtu aliyejenga pampu kweli angeambiwa imesimama, kwa maana yoyote ile, angeondoka kesho yake. Mimi nilitoa soda.

Nimefungua picha alizonitumia Injinia. Tangi la kwanza lina kamba ya bluu imefungwa kwenye koki. Tangi la pili lina kamba ya bluu imefungwa kwenye koki. Fundo lile lile. Tangi moja, limepigwa picha huku na huku.

Naona haya. Hata mbele ya daftari naona haya.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimempigia Injinia mara sita. Ya saba ameshika. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alinisemesha kama mtoto anayelia dukani. "Mama Tume, wacha presha. Karatasi inasema iko sawa, na karatasi ni yako." Nikamwuliza tangi la pili liko wapi. Akasema wale watu wamekunywa maji ya mto miaka yote, tangi moja kwao ni sikukuu.

Wale watu. Mimi ni nani basi? Nilisema asante kabla ya kukata. Asante! Kwa mazoea tu. Ningejipiga kofi.

Faili likifungwa, hakuna tangi la pili. Na faili linafungwa mwisho wa mwezi huu, kwa sahihi yangu.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeenda kwa Akiru, mtaa wa Kiwanjani. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakapotea mlangoni. Alikuwa anafua. Nikamwambia nikiwa wima, bila hata kukaribishwa. Zabuni, Injinia, friza, tangi, pampu.

Hakuacha kufua. Alikamua shati, akalianika, akalinyoosha mikono. Nilidhani hakusikia. Kisha akasema, "Hiyo jina nusu ni yangu. Hukuniuliza."

Nikasema samahani. Akasema maji alikuwa ananunua kwangu kila wiki, baridi, kutoka kwa hiyo friza, na mimi nikimpa chenji.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Kweli. Niliwaza mengi ya kujilaumu lakini hilo sikuwa nalo.

Akaingia ndani akatoka na mfuko wa vifaa. Alinunua vifaa vile tulipomaliza masomo na havijawahi kufanya kazi moja ya maana, kwa sababu mtu wa karatasi alikuwa anamwambia bado. Amesema anakuja Sericho. Amesema pia nisifikiri anakuja kwa sababu yangu.

Alhamisi, 11 Septemba

Tumefika. Binamu yangu alikuwa anapeleka unga na gari lake, akatupa nafasi. Akiru mbele, mimi nyuma kwenye magunia, mahali panaponifaa. Kula Mawe, Garba Tulla, halafu jua na miiba na ng'ombe waliobaki mbavu. Hakugeuka hata mara moja.

Nilitaka wanitukane. Hawakunitukana. Walinipigia vigelegele. Kina mama wote wa kisimani, na Adada mbele yao na fimbo yake. Wameimba jina langu. Mtoto wetu ametuletea jua. Pampu kuharibika kwao ni jambo la kawaida, mashine huharibika, na sasa mwenyewe amekuja na fundi wake kutengeneza. Mwenyewe, ndiye mimi.

Adada ametandika mkeka, amenipa maziwa ya ngamia. Wakati huu wa kiangazi sijui ameyatoa wapi. Yaani najua. Kuna mtoto hakunywa leo. Nimeyashika mkononi muda mrefu. Kukataa ni tusi. Nimeyanywa yote.

Akiru alikuwa ananitazama. Alikuwa anangoja niseme. Nikamrudishia Adada kikombe, nikamshukuru.

Ijumaa, 12 Septemba

Wanaume na wanawake tumevuta bomba kutoka kisimani, watu kama ishirini, likatoka refu kama utumbo wa ng'ombe. Akiru ameona kosa mara moja. Kiungo cha waya, kinachokaa ndani ya maji, wamekifunga kwa tepu nyeusi ya dukani. Tepu ninayouza mimi. Maji yameingia, pampu ikajizima kujiokoa. Amekata, ameunga upya, amefunga kwa mpira wake unaobana kwa moto. Amewaita wasichana wawili waone anavyofanya. Saa saba pampu imenguruma. Vigelegele tena. Wameniimbia mimi. Fundi amesimama kando anafuta mikono.

Halafu nimeliona lile jukwaa la saruji. Wamelimwaga, wamelisawazisha, wamefika hapo wakaondoka. Mbuzi wanalala juu yake. Ndipo tangi la kina mama lilipaswa kukaa.

Naandika hili ili nisije nikajidanganya kwamba sikujua umuhimu wake. Nilijua. Mwezi wa tatu ofisi ya mradi ilipokuja kuuliza wananchi, mimi ndiye niliyetafsiri. Adada alisimama akasema: pampu ya dizeli ina ubaya wake, lakini inawaka alfajiri, tunachota kabla mifugo haijafika. Jua haliamki alfajiri. Kwa hivyo mkituletea jua, tuwekeeni tangi letu, lijae leo tuchote kesho asubuhi. Mwanamke asiyejua kusoma alikuwa ameona shida nzima kabla ya mafundi. Wakachora matangi mawili. Nililitafsiri neno kwa neno kwa mdomo huu.

Sasa tangi ni moja. Linaanza kujaa jua likipanda, na saa hiyo mifugo imeshafika. Zamu anapanga aba herega, mzee wa kisima, na si mtu mbaya. Ngamia waliotoka mbali kwanza, halafu ng'ombe, halafu mbuzi. Mnyama akikosa zamu hufa. Binadamu anaweza kungoja. Basi kina mama hungoja, na mitungi yao imepangwa mstari tangu asubuhi. Na hiyo ni pampu ikiwa inafanya kazi.

Bado sijasema. Mwoga.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimesema.

Walikuwa wameketi kwenye mstari, kila mmoja na mtungi wake. Nimesimama mbele yao nikasema kwa Kiborana. Kwamba hii kazi si yangu. Kwamba nilimpa mtu jina langu, na yeye akachukua kazi iliyotengewa wanawake, na tangi lao liko kwenye karatasi na halipo hapa. Kwamba nilitia sahihi kuwa lipo. Kwamba fundi wa kweli ni huyu Mturkana mliyempa kikombe baada yangu, na yeye pia nilimficha.

Ningependa wapige kelele. Mama mmoja alifunua kifuniko cha mtungi wake, akachungulia ndani, akakifunika. Ulikuwa mtupu, alijua ni mtupu.

Adada aliuliza swali moja. Kwenye ile karatasi niliandika jina gani? Nikasema langu. Akasema, "Lile la mama yangu?"

Ndiyo. Tume alikuwa mama yake. Nilipozaliwa Adada ndiye aliyesema niitwe hivyo. Mjini wanacheka, na mimi nikasahau kuwa jina lile lilikuwa na mwenyewe kabla yangu. Nilipompa Injinia nilidhani natoa changu.

Alichukua birika akaenda kutawadha. Usiku wa jana nililala kwake. Leo mkeka wangu nimeukuta nje ya mlango, umekunjwa vizuri. Nalala kwa binamu.

Jumanne, 16 Septemba

Isiolo. Nimeandika barua ya kufuta sahihi yangu, kurasa mbili, na picha za jukwaa na mbuzi wake. Akiru ameisoma, akasahihisha mahali nilipoandika "nilidanganywa". Akakata neno, akaandika "nilikubali". Kisha akatia sahihi yake chini ya yangu. Kampuni itafungiwa, huenda miaka. Kampuni yake pia. Nikamwambia si lazima aweke jina lake. Akasema angalau safari hii ameulizwa.

Afisa wa mradi ameisoma mbele yangu, polepole, akaniuliza kama nina hakika. Watu hawaleti barua za namna hii, alisema. Kazi ya kwanza ambayo kampuni yetu imefanya kwa jina lake yenyewe ni kujishtaki.

Nimempigia Injinia aje achukue friza. Amecheka akakata. Nimeichomoa kwenye stima. Friza imesimama. Kwa maana zote mbili.

Jirani wa viatu ameuliza maji baridi. Nikampa ya moto. Hajanitania jina. Sijui kama amesikia au ameniona uso.

Jumanne, 23 Septemba

Ofisi imeita. Faili halitafungwa. Wanatuma mtu apime. Tangi la pili hawaahidi, labda mwaka ujao, labda kampuni nyingine. Nimeuliza kama kampuni hiyo itakuwa ya akina mama kweli. Wakaniangalia. Wana haki ya kuniangalia hivyo.

Akiru ameomba kurudi Sericho kuwamalizia wale wasichana mafunzo ya viungo vya waya. Hakuniomba niende. Nitafunga duka, nitaenda.

Alhamisi, 2 Oktoba

Siku ya nne hapa. Asubuhi Akiru amefundisha kivulini, wasichana wanaunga waya, yeye anazikata, wanaunga tena. Ananiita nitafsiri pale wanapokwama. Kwa kazi hiyo ananiita kwa jina.

Nimeazima mtungi kwa binamu, nikaupeleka kisimani. Mstari ulikuwa umeshapangwa. Adada alikuwa pale na fimbo yake. Ameutazama mtungi, ameutazama mstari, akanionyesha mwisho. Nikauweka mwisho, nyuma ya wote, nikakaa nao chini.

Ngamia wakanywa. Ng'ombe wakanywa. Mbuzi wakachukua muda mrefu. Mama wa kwanza ameanza kuchota baada ya alasiri, maji membamba, mtungi mmoja mmoja, hakuna aliyesukuma mwenzake. Nilikuwa nimeyajua haya yote kwa maneno na nikayaandika kwa ufasaha humu ndani. Kukaa ni kitu kingine. Mgongo unauma. Mdomo unakauka huku unayasikia maji.

Jua lilipoinama pampu ikapunguza sauti, ikanyamaza. Mbele yangu walikuwa wamebaki wanawake wanne. Walisimama wakakung'uta nguo na kuacha mitungi yao pale pale ili wasipoteze zamu. Nikaacha na wangu.

Tulipokuwa tunaondoka Adada alirudi nyuma. Amechana kipande cha leso yake, akakifunga kwenye mkono wa mtungi wangu, mafundo mawili. Kila mtungi pale una alama ya mwenyewe, wangu haukuwa nayo. Hakunitazama. Amesema kesho wasije wakauchanganya.